Safari ya Undara: Desemba Ndiyo Inayonitia Shaka, Si Volkano

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Kitale, naishi Brisbane na mke wangu na mtoto wetu wa miaka tisa. Mama yangu anakuja kutusalimia mwisho wa mwaka, na tumepanga kumpeleka hifadhi ya Undara, kaskazini mwa Queensland, akaone mapango ya volkano. Tutaruka hadi Cairns, tukodi gari dogo. Je, tunaweza kuingia mapangoni wenyewe bila kulipia mwongozaji? Volkano ile inaweza kulipuka tena? Mama goti linamsumbua, ataweza? Tena anaogopa popo, maana sisi wa upande wa Elgon tunazijua habari za pango la Kitum. Na Desemba ni wakati mzuri?

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Swali uliloliweka mwisho kama la kumalizia barua ndilo linaloweza kuivunja safari yenu, kwa hiyo naanza nalo. Desemba si wakati mzuri.

Mwaka wa kaskazini mwa Queensland una vipande viwili tu. Kuna kiangazi kirefu, halafu kuna mvua, ambazo huanza Desemba hivi na kuendelea hadi Machi, pengine Aprili. Mvua za huko si za kunyesha jioni na kuanika asubuhi. Kimbunga kikiingia kutoka baharini, mto uliouvuka ukiwa mchanga mtupu unaweza kufurika siku ya pili na kuifunga barabara kwa siku kadhaa. Hata kama haijanyesha, joto la mchana hupita nyuzi 35 na hewa ni nzito, na kwa mtu mzima anayetoka Kitale, mahali pa koti na sweta, hiyo ni adhabu. Baadhi ya mapango yenyewe hujaa maji mvua zikikolea, ziara hupunguzwa, na huduma za pale zinaweza kufungwa kabisa kwa msimu huo. Mnaweza kutumia pesa nyingi mkaishia hotelini Cairns mnatazama mvua dirishani.

Watu wanaokwenda kule wakarudi wamefurahi huenda kati ya Aprili na Septemba. Mtoto wenu ni wa shule, kwa hiyo likizo ya katikati ya mwaka, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, ndiyo yenu. Mchana kuna jua zuri lisilochoma, anga ni safi, na usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo sweta za mama zitapata kazi. Ila hiyo ndiyo likizo ya Queensland nzima. Vyumba hujaa mapema na nafasi za ziara pia, kwa hiyo shikeni nafasi Undara kwanza, kisha ndiyo mnunue tiketi za ndege. Wengi hufanya kinyume.

Sasa suala la kuingia wenyewe. Haiwezekani, na sikushauri utafute njia ya pembeni. Mapango ya lava ya Undara huingiwa kwa ziara zenye mwongozaji aliyeidhinishwa tu. Najua mtu wa kwetu akisikia hivyo huona ni ujanja wa kumlipisha. Lakini kuna sababu, na iliyo kubwa ni hewa. Katika baadhi ya mapango, mizizi ya miti iliyopenya kutoka juu na vitu vinavyooza huzalisha hewa ukaa, na kwa kuwa hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, hutuama sehemu za chini zisizo na upepo. Pango la Bayliss, ambalo lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, ndilo maarufu kwa hewa hiyo mbaya. Watafiti walioingia humo miaka ya 1980 walikuta zaidi ya aina 20 za wadudu na jamaa zao wanaoishi gizani tu, wengi wakiwa weupe na wasio na macho, wamezoea hewa ambayo mimi na wewe ingetupiga kichwa, ituharakishe pumzi, kisha ituangushe. Bayliss si la watalii. Nalitaja ili ujue kwamba mwongozaji anakuelekeza penye usalama, na hiyo ndiyo kazi unayomlipia. Sababu ya pili ni paa: ni mwamba wa zamani wenye nyufa, na sehemu nyingi zimekwisha kuporomoka.

Mahali mnapoweza kutembea wenyewe ni kreta ya Kalkani, yaani mdomo wa volkano ya zamani. Ni kilima cha majivu na vijiwe vya volkano, na njia yake ya kupanda na kuzunguka ukingo ni kama kilomita 2.5 kwenda na kurudi. Nendeni asubuhi na mapema. Kutoka juu mnaona tambarare ya miti ya mikalitusi isiyo na mwisho, na hapa na pale vilima vilivyochongoka kidogo, ambavyo kila kimoja ni volkano.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea, maana nimeona watu wa kwetu wakifika Undara wakauliza, "Sasa mlima uko wapi?" Aliyekulia akiutazama Elgon, au aliyepita Arusha akaiona Meru, anatarajia volkano iinuke imwonyeshe ukubwa wake. Undara haina kitu cha namna hiyo. Ni nchi bapa, kavu, yenye vichuguu na ng'ombe wa ranchi jirani. Ukubwa wake uko chini ya miguu yenu, na unaonekana vizuri ukishaelezwa ulivyotokea.

Miaka ipatayo 190,000 iliyopita, volkano ya Undara ilimwaga lava ya basalti, aina ambayo ni nyepesi kutiririka, yenye moto wa nyuzi kama 1,200. Ardhi haina mteremko mkali, kwa hiyo lava ilifuata pale maji yalipokuwa yakipita, yaani mabonde ya mito. Ikitiririka, uso wake ulipoa na kuganda kwanza, kama utando unaokaa juu ya uji, na utando huo ukawa mwamba. Ndani, lava ikabaki na moto wake kwa sababu mwamba uliifunika, na ndiyo maana iliweza kwenda mbali namna ile: mkondo mmoja ulifika kilomita 160, takriban barabara yote ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Volkano ilipokoma kumwaga, lava iliyokuwa ndani ikaendelea kuteremka, ikatoka, ikaacha mahandaki matupu. Hayo ndiyo mtakayoyaingia. Mengine yana dari ya juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, na kuta zake zina mistari inayoonyesha kimo cha lava kilivyokuwa kikishuka.

Mwambieni mtoto aangalie pia rangi. Maji yanayopenya kwenye mwamba huacha madini, na kuta zinakuwa na mabaka meupe, ya manjano, mekundu ya kutu. Akishayaona hayo atakumbuka kwamba mapango ya Amboni kule Tanga ni kitu kingine kabisa: yale yalichimbwa polepole na maji kwenye mawe ya chokaa, haya yaliumbwa na moto kwa muda mfupi mno katika hesabu za mawe. Nyumbani ndugu wa mapango haya wako Suswa na kwenye vilima vya Chyulu, ambako pia lava ilijichimbia njia za chini.

Pale dari lilipoporomoka pamebaki shimo refu, na ndani ya shimo hilo kuna kitu ninachokipenda kuliko mapango yenyewe. Juu ni nyasi kavu na mikalitusi. Mkishuka ngazi chache mnakuta msitu wa kijani kibichi, wenye mitini, mizabibu-mwitu na miti ambayo jamaa zake wa karibu wako kwenye misitu ya mvua ya pwani. Mashimo yana udongo wa volkano wenye rutuba, unyevu haupotei haraka, na moto wa nyikani unaopita juu kila baada ya muda hauyafikii kwa urahisi. Marubani wakipita wanaiona mistari ya kijani kiza iliyofuata mkondo wa lava. Kangaruu wadogo hujificha humo mchana. Mwongozaji mzuri atasimama hapo muda mrefu. Akitaka kuwakimbiza ndani, mwambieni asubiri.

Kuhusu kulipuka tena: Undara yenyewe imekwisha. Volkano za namna hii humwaga mara moja, zikazima, na safari nyingine lava ikitaka kutoka hutafuta tundu jipya mahali pengine. Eneo zima, ambalo wanajiolojia huliita jimbo la McBride, lina matundu 164. Lililo changa miongoni mwa yale makubwa ni Kinrara, upande wa kusini, ambalo lililipuka miaka kama 7,000 iliyopita. Kwa mawe hiyo ni juzi. Na hapo kuna habari ya kumsimulia mama usiku. Watu wa Gugu Badhun, wenyeji wa asili wa sehemu hizo, wana masimulizi yaliyorekodiwa kwenye kanda miaka ya 1970: ya shimo kubwa lililochimbwa, vumbi likajaa hewani hata watu wakapotea humo na kufa, na ya wakati ambapo ardhi iliwaka moto kandokando ya mito. Wanajiolojia walipopima umri wa mawe ya Kinrara waliyachukulia masimulizi hayo kwa uzito, kwa sababu lava ilipita hasa mabondeni, na watu walikuwa wakiishi pale. Kama ni kweli, basi ni habari iliyopokezanwa kwa mdomo kwa vizazi zaidi ya 200. Kwa likizo yenu, hatari ya kulipukiwa si ya kuhesabu.

Ardhi ya Undara yenyewe ni ya watu wa Ewamian. Mkipata mwongozaji wa kabila hilo, mpeni sikio. Magharibi ya mji mdogo wa Mount Surprise, Waewamian wanamiliki chemchemi za maji moto za Talaroo, ambako wenyewe huwatembeza wageni. Kwa goti la mama, sitashangaa akiyapenda maji yale kuliko mapango yote, lakini hapo pia huendi bila kuweka nafasi.

Tuje kwenye popo, na nisingependa umwambie mama kwamba anaogopa bure. Haogopi bure. Kitum ilitajwa kwenye visa vya Marburg, homa ya virusi inayoua, vya mwaka 1980 na 1987, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la popo kule Maramagambo, Uganda. Mtu wa Trans Nzoia akiyakumbuka hayo anatumia akili. Ila popo waliohusishwa na Marburg ni aina moja ya popo wala matunda, ambayo haipo Australia. Wa Undara ni wadogo, wala wadudu, na ugonjwa huo haujapata kuonekana kwao. Kuna hatari nyingine, ya Australia yenyewe: popo wa nchi ile, wakubwa kwa wadogo, wanaweza kubeba kirusi ambacho ni ndugu wa kichaa cha mbwa. Hakiambukizi kwa kupita karibu nao wala kwa kuvuta hewa ya pangoni. Kinaambukiza kwa kung'atwa au kukwaruzwa. Kwa hiyo sheria ni moja, na mpeni mtoto kabla hamjaondoka nyumbani: popo haguswi, awe mzima, awe ameanguka chini, awe amekufa. Ikitokea amemkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika zisizopungua kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kuna chanjo, na hutolewa hata baada ya kuumwa.

Mama akiamua kubaki juu, sawa. Lakini akikubali ziara ya machweo, ataona jambo la pekee. Kwenye pango la Barker, giza likianza kuingia, popo hutoka kwa makumi ya maelfu, na nyoka wa miti hujining'iniza kwenye matawi ya mlangoni wakidaka wale wanaopita. Mnasimama kimya na tochi zikiwa hafifu. Wingi wao hutegemea msimu, na huwa mkubwa zaidi wakati wa joto, kwa hiyo mkienda Julai ulizeni mapema kama ziara hiyo inaelekea pango hilo au inaishia kwenye kutazama machweo na kangaruu.

Goti: ziara zinatofautiana sana. Kuna zenye ngazi za mbao na njia zilizowekwa sakafu, na kuna za kukanyaga mawe na kuinama. Usimnunulie mama tiketi ya kwanza utakayoiona. Piga simu, eleza goti lake, uliza ngazi ni ngapi na kama kuna pa kushika. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli inayoshika. Kalkani anaweza kuwangoja chini na chupa ya chai.

Barabara ndiyo inayohitaji akili zenu zaidi. Kutoka Cairns mnapanda nyanda za juu za Atherton, mnapita Ravenshoe, kisha chemchemi za Innot, kisha Mount Garnet, na baada ya msitu mdogo wa Forty Mile mnaiacha barabara kuu ya Kennedy na kushika ile ya kuelekea Ghuba ya Carpentaria, kabla ya kukata kushoto kuingia Undara. Kwa jumla ni kama kilomita 275, saa nne hivi pamoja na kusimama. Njia ni ya lami mpaka mlangoni, na mnaendesha upande wa kushoto kama Kenya, kwa hiyo gari dogo linatosha kabisa. Asikuuzie mtu gari la magurudumu manne kwa safari hii. Ila kuna mambo yanayowashika wageni.

Kwanza, usiendeshe usiku. Ranchi nyingi hazina ua, na ng'ombe mweusi aliyelala juu ya lami yenye joto haonekani mpaka umemfikia. Kangaruu hutokea alfajiri na jioni, na hawana mazoea ya kusubiri gari lipite. Mikataba mingi ya kukodi gari inasema bima haifanyi kazi mkigonga mnyama usiku nje ya mji. Isomeni kabla hamjatia sahihi. Julai jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Tokeni Cairns saa mbili asubuhi mkafike mchana.

Pili, malori. Ya huko huvuta matrela matatu au zaidi, na urefu unaweza kufika mita 53.5. Kuna sehemu kwenye njia za kuelekea Ghuba ambako lami inatosha gari moja tu. Mkiliona lori kwa mbele, punguzeni mwendo na mtoke kabisa kandokando, mliache lipite. Dereva akijaribu kukupisha yeye, matrela yake yatakurushia mawe ya kuvunja kioo. Kulipita lori hilo kutoka nyuma ni jambo la kufikiriwa mara mbili, halafu kuahirishwa.

Tatu, simu. Ukishaondoka mijini mtandao unakatika kwa kilomita nyingi. Pakueni ramani mapema, mwachieni mtu wa Brisbane ratiba yenu, na mkiweza kodini kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti. Namba ya dharura ni 000. Hali ya barabara Queensland huulizwa kwa namba 13 19 40. Ipigeni asubuhi ya safari hata kama ni kiangazi. Jazeni mafuta Ravenshoe au Mount Garnet bila kuangalia mshale uko wapi. Maji ya kunywa yawe lita nyingi garini, na chakula mnunue Atherton, maana mbele ya hapo maduka ni madogo. Gari likiharibika, kaeni na gari.

Kulala: ndani ya hifadhi yenyewe hakuruhusiwi kupiga kambi. Pembeni yake kuna kambi yenye mahema, sehemu za magari, na vyumba vilivyotengenezwa ndani ya mabehewa ya zamani ya reli. Mtoto atataka behewa. Mpeni behewa. Wekeni usiku mbili: wa kwanza wa kufika na kupumzika, siku nzima ya ziara ya asubuhi na ile ya machweo, kisha Kalkani asubuhi ya kuondoka. Usiku mmoja ni kujichosha. Na jiwe lolote, hata lile dogo zuri jekundu la kreta, linabaki pale. Sheria za hifadhi hazina msamaha kwa mtoto.

Kama tiketi ya mama imekwisha kukatwa na Desemba haibadiliki, msimlazimishe kwenda bara. Fikeni Cairns, pandeni Atherton tu, safari ya saa moja na nusu hivi, mkaone volkano kwa sura nyingine. Maziwa ya Eacham na Barrine ni kreta zilizochimbwa pale lava ilipokutana na maji ya ardhini na kulipuka kwa mvuke. Leo yamezungukwa na msitu wa mvua. Eacham lina njia ya kilomita tatu kulizunguka. Barrine lina nyumba ya chai kando ya maji, na mama anaweza kukaa hapo ninyi mkitembea. Kwenye njia ya kwenda Ravenshoe kuna Mount Hypipamee, shimo la kuta zilizosimama wima, lenye upana wa zaidi ya mita 60, lililotobolewa na gesi kupitia mwamba wa graniti. Mnalitazama kutoka jukwaani. Huko juu ni baridi kidogo kuliko pwani, na mvua ikizidi mnarudi Cairns siku hiyohiyo kwa njia ya Mareeba au ya Gordonvale, mtakayoambiwa iko wazi.